Muulize Fundi: Waipa zacheza, maji hayatoki

Kaskazi ikishavuma wiki mbili tatu hapa Mombasa kila kioo cha gari huvaa utando, vumbi juu na chumvi ya bahari chini yake, na ndio wakati watu hukumbuka kwamba gari ina maji ya waipa. Barua nilizochagua mwezi huu zote ni za hayo maji. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu manake ndani yake mna karibu kila kosa ninaloliona garajini, na mwenyewe ameeleza vizuri mpaka nimeweza kuufuata ugonjwa bila kuiona gari.

SWALI: Salaam aleikum fundi. Mimi ni mwalimu, naishi Kisauni, naendesha Toyota Corolla ile 110 ya mwaka 1996, niliachiwa na marehemu baba kwa hivyo tafadhali usiniambie niuze. Shida yangu ni maji ya waipa. Nikivuta kile kijiti cha pale kwenye usukani waipa zapanguza mara mbili tatu vizuri tu lakini maji hata tone. Ilianza pole pole, kwanza upande wa dereva maji yakawa yaja kama mate, yakaisha, halafu baada ya kama mwezi upande wa abiria nao ukakata. Nikapeleka kwa fundi mmoja, akasikiliza, akasema pampu imekufa, nikamlipa akaweka nyengine, yakatoka maji kidogo kisha wiki ya pili yakakata tena. Sasa anasema ni swichi ama nyaya zote za mbele zibadilishwe na bei aliyonitajia naogopa hata kuiandika. Juzi natoka Mariakani asubuhi, jua lanitazama usoni, lori likanirushia tope, nikapiga waipa kioo chote kikawa cheupe, wallahi sikuona kitu, nikatoa kichwa dirishani nikaenda hivyo mpaka nikapata pa kuegesha. Nisaidie.
Mwalimu, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwalimu, Mungu amrehemu mzee, na mimi siwezi kukwambia uuze, hiyo 110 ikitunzwa bado ina miaka mingi ya kukupeleka na kukurudisha.

Nianze na hilo la kutoa kichwa dirishani kwa sababu limenitia hofu kweli. Watu wengi wanaona maji ya waipa ni urembo, kitu cha kutengeneza pesa zikibaki. Kioo kikiwa na tope na jua liko mbele yako mwanga unapiga kwenye kila punje na kioo chote kinakuwa kama kimepakwa chokaa, na ukipanguza kikavu ndio unazidi kulisambaza. Tena zile punje za mchanga zinakwaruza kioo, na mikwaruzo ya kioo haitoki, utakuja kuiona usiku taa za gari za mbele yako zikiwa zimeota nywele. Kwa hivyo mpaka utakapotengeneza, weka ndani ya gari chupa ya maji ya lita moja na nusu, toboa kifuniko matundu matatu, weka na kitambaa, kioo kikichafuka simama pembeni uoshe. Usiguse waipa kabla ya maji, hata kama una haraka vipi.

Sasa ugonjwa. Gari yako ina pampu moja kwa tundu zote mbili za mbele. Hiyo pampu ni kimota kidogo cha volti 12 kimechomekwa chini ya tanki kwenye mpira wake, ndani mna kipangaboi cha plastiki kinachoyazungusha maji na kuyasukuma kwenye paipu, paipu inapanda mpaka kwenye boneti, pale inagawanyika, moja inakwenda nozeli ya dereva, yaani ile tundu inayorusha maji kiooni, nyengine ya abiria. Ndio yote hayo, hakuna siri nyengine. Haya sasa jiulize, kama pampu ingekufa ama swichi ingekufa, si pande zote mbili zingekata siku moja kama taa ya nyumbani? Lakini wewe umeandika mwenyewe kwamba ulianza upande wa dereva, ukawa kama mate, ukaisha, mwezi mzima baadaye ndio ukafuata wa abiria. Umeme haufi hivyo. Hicho ni kitu kinachoziba kidogo kidogo, na mimi ningekuwa hapo ningeacha swichi na nyaya nikaenda kutafuta uchafu.

Fundi wako alisikiliza, na kusikiliza ndio pa kuanzia kweli, lakini lazima ujue unasikiliza nini. Fungua boneti, tia ufunguo mpaka kwenye ON bila kuwasha injini ili pawe kimya, mtu mmoja akae ndani avute kijiti na wewe uweke sikio karibu na tanki, ama ulishike tanki kwa kiganja. Ukisikia ngiiii nyembamba na kiganja kinahisi mtetemo, basi umeme unafika na mota inazunguka, shida iko kwenye maji. Kukiwa kimya kabisa, waipa peke yake ndio inaguna, hapo shida ni umeme ama pampu yenyewe. Hicho kipimo hakina gharama na kinakata kazi nusu, na sijui kwa nini watu wanakiruka wakakimbilia dukani. Ila anayevuta asivute zaidi ya sekunde kumi kwa mpigo, manake pampu hizi hupozwa na maji yanayopita ndani yake, ikizunguka kavu inajikaanga.

Nadhani utaisikia ikilia. Basi anza juu uteremke chini. Chomoa ile paipu nyembamba pale inapoingia kwenye nozeli chini ya boneti, ielekeze kwenye kikombe, mwambie mwenzako avute. Maji yakiruka kwa nguvu basi umeshafika, nozeli ndio zimeziba na kila kitu cha chini yake ni kizima. Yakitoka kwa unyonge rudi nyuma mpaka pale paipu inapovuka kutoka kwenye bodi kuingia kwenye boneti, karibu na bawaba. Hapo papapase kwa vidole, usipatazame tu, kwa sababu kila boneti inapofunguliwa na kufungwa paipu inakunjwa mahali pale pale, na baada ya miaka karibu thelathini mpira umekuwa mgumu kama ubua, unakatika upande wa chini ambako huuoni na maji yanamwagikia kwenye injini na kukauka kwa joto, wewe unadhani hayatoki. Ukipata ufa kata kipande hicho, weka paipu mpya ya kipimo hicho hicho, maduka ya spea wanaiuza kwa mita.

Kuna gari nyengine pia zina kivavu kidogo cha plastiki katikati ya paipu, cha kuzuia maji yasirudi kwenye tanki. Kikichoka maji huchelewa kutoka, unavuta sekunde nne tano ndio yanakuja. Kikiziba hayaji kabisa. Na kina upande, kimechorwa mshale, ukikigeuza umefunga bomba.

Nozeli zenyewe sasa. Hukusema unatia maji gani lakini Kisauni nyumba nyingi ni maji ya kisima, na hayo yana chumvi na chokaa. Kila unapoegesha juani lile tone lililobaki kwenye tundu hukauka, maji huenda zake na chokaa hubaki, ni lile lile gamba jeupe la ndani ya birika. Tundu yenyewe ni ndogo kuliko kichwa cha pini, kwa hivyo haihitaji gamba nyingi. Zichomoe kwa taratibu manake plastiki ya zamani huvunjika masikio, ziloweke kwenye siki nyeupe usiku kucha, asubuhi chukua uzi mmoja wa shaba kutoka ndani ya waya wa umeme upitishe kwenye tundu, kisha suuza vizuri. Usitumie msumari wala ncha ya bisibisi, tundu ikipanuka maji yatatoka mengi yasiyo na nguvu na yataishia kwenye boneti. Ukizirudisha zielekeze maji yapige juu kidogo ya katikati ya kioo, kwa sababu gari ikikimbia upepo huyashusha. Na kama una kompresa usipulize kutoka upande wa nje paipu ikiwa bado imechomekwa, utaing'oa kule ndani ama uusukume uchafu urudi kwenye pampu. Ichomoe kwanza.

Lakini mwalimu mimi siamini kwamba ni nozeli peke yake, kwa ajili ya ile habari ya pampu mpya. Mpya ikafanya kazi wiki moja na kitu ikakata, tena hata siku ya kwanza maji yalikuwa kidogo. Hiyo inanionesha kwamba fundi aliweka pampu mpya kwenye tanki chafu. Nilifungua moja kama yako si zamani, pampu ina kichujio mdomoni mwake, kidude cha wavu kama ncha ya kidole kidogo, nilipokitoa kilikuwa kimevaa utando wa kijani, uteleziteleze, kama ule mwani wa kwenye mawe ya bahari maji yakishakupwa, nikaukwangua kwa ukucha ukatoka mzima mzima kama ngozi na chini yake wavu ulikuwa mweupe safi. Pampu haikuwa na kosa lolote. Ilikuwa yanyonya kwenye blanketi. Maji yakikaa miezi kwenye joto letu hili, tanki lenyewe jeupe na mwanga wapenya, lazima yaote, na kama kifuniko kimepotea ndio vumbi na vidudu vyote vinaingia humo.

Kwa hivyo toa tanki. Kwenye gari nyingi za zamani za Kijapani liko ndani ya boneti pembeni, boliti mbili tatu tu, lakini kama unachokiona ni shingo na kifuniko peke yake basi tanki liko nyuma ya bampa ama ndani ya fenda, itabidi uzungushe usukani taya (gurudumu) igeuke upande mmoja na ile plastiki nyeusi ya juu ya taya ifunguliwe. Vibanio vyake huvunjika, nunua vichache kabla. Mwaga maji yote, vuta pampu itoke kwenye mpira wake, nyingi hazina skrubu. Halafu tia ndani ya tanki maji ya vuguvugu, sabuni kidogo na ngumi moja ya mchele, tikisa sana, kama tunavyosafisha chupa ya chai. Mwaga, rudia mpaka maji yatoke meupe, na uhakikishe hata punje moja ya mchele haikubaki. Sukuma na paipu zote kwa maji safi kabla ya kuzirudisha, la sivyo ule uchafu wa kwenye paipu utakwenda moja kwa moja kwenye nozeli ulizozisafisha usiku kucha.

Pampu ukiwa umeishika mkononi ijaribu hapo hapo. Itie ndani ya beseni la maji, chukua waya mbili kutoka kwenye betri, weka na fyuzi katikati, chanya kwa chanya, hasi kwa hasi, iguse sekunde mbili. Ikirusha maji kwa nguvu ni nzima na huna haja ya kununua tena. Ukigeuza nyaya kipangaboi kitazunguka kinyume na maji yatatoka kwa unyonge, usije ukaitupa kwa sababu hiyo.

Na hizo nyaya zote za mbele unazotaka kubadilishiwa, hapana, usikubali. Ukivuta kijiti waipa zako zinapanguza, maana yake swichi inapokea mkono wako na umeme wa waipa upo, na kwenye gari nyingi waipa na pampu zinakula kwenye fyuzi moja. Kama ni waya basi itakuwa waya moja, tena mara nyingi ni sentimita mbili za mwisho pale kwenye plagi.

Hapo nawaambia na wengine ambao pampu zao ziko kimya. Kwanza fyuzi, tazama kifuniko cha boksi la fyuzi pameandikwa WIPER ama WASHER. Ikiwa imekatika weka ya ampia zile zile, ikikatika tena basi pampu imekwama ama waya umegusa bodi, tafuta sababu, na nawaomba msizungushe karatasi ya sigara wala waya wa shaba badala ya fyuzi kwa sababu kitakachoungua hapo ni gari. Pili chomoa plagi ya pampu uitazame ndani. Hapa kwetu chumvi ya hewa inakula shaba, utakuta pini zimeota unga wa kijani, mara nyengine pini imekuwa nyembamba kama uzi na ukiigusa yaanguka. Ikwangue kwa msasa mwembamba, pangusa, paka vaselini kidogo, rudisha. Wapo waliokuja kwangu kununua pampu wakaondoka kwa huo msasa tu.

Tatu pima, na hapa ndipo mafundi wengi wanapokosea. Kwenye Toyota nyingi na gari nyengine za Kijapani waya mmoja wa pampu una umeme wakati wote ufunguo ukiwa ON, na swichi yenyewe kazi yake ni kuufungulia ethi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye bodi, ule waya wa pili. Sasa fundi anachukua testa, anagusa waya mmoja, mguu wa pili ameubana kwenye bodi, taa yawaka, anasema umeme upo kwa hivyo pampu imekufa. Umeme upo lakini ethi je? Weka taa ya kupimia kati ya pini mbili za plagi yenyewe, mtu avute kijiti, ikiwaka vizuri umeme wote umefika na pampu ndio mgonjwa. Isipowaka pampu haina kosa, rudi nyuma utafute. Na tumia taa ya balbu, usiiamini mita peke yake, kwa sababu waya uliooza ukabaki nyuzi mbili bado utaonesha volti 12 kwenye mita wakati hauna mzigo, lakini pampu inataka ampia tatu nne na waya kama huo hauwezi kuzibeba. Balbu itakuonesha ukweli, itawaka kama kibatari. Umeme ukiwepo na pampu iko kimya igonge kidogo kwa mpini wa bisibisi, ikiamka basi ilikwama, itatembea siku mbili tatu, tafuta nyengine.

Niongeze jambo moja ambalo bado linaniuma. Miaka ya nyuma alikuja mzee mmoja, maji hayatoki, mimi nikiwa na haraka sikusikiliza wala sikufuata paipu, nikamuuzia pampu. Nilipoiweka maji hayakutoka. Ndio nikainama vizuri, nikakuta panya ametafuna paipu nyuma ya betri, ameacha na makombo ya mpira hapo. Kipande cha paipu cha urefu wa kidole. Nilimrudishia pesa zake lakini siku nzima aliipoteza kibandani kwangu kwenye jua. Tangu hapo siwezi kumuuzia mtu pampu kabla sijaisikia ile yake.

Mwalimu, siki, mchele na Jumamosi moja asubuhi. Ukishindwa kutoa tanki mlete fundi, lakini mwambie unataka tanki lioshwe, usimwambie kaangalie pampu.

SWALI: Fundi shikamoo. Mimi naendesha lori, nakaa Changamwe. Pampu ya maji ya waipa ilikufa nikanunua ya gari ndogo manake mdomo na mpira wake uliingia sawasawa, siku ya kwanza maji yaliruka mpaka juu ya kabini nikafurahi, siku ya pili ikatoa moshi ikanyamaza. Ni feki?
Dereva, Changamwe

JIBU: Marahaba. Feki siyo. Lori yako ni ya volti 24, betri mbili zimefuatana, na hiyo pampu ni ya volti 12. Uliipa umeme mara mbili ya unaoutaka, ndio maana ikawa na nguvu zile za ajabu, na ndio maana ikaungua. Kaulize ya 24, imeandikwa kwenye mwili wake, soma kabla ya kulipa. Na usikubali mtu akuchukulie umeme kwenye betri moja ili utumie ya 12, betri hizo zitaacha kuwa sawa, moja itajaa kupita kiasi nyengine iwe na njaa, na betri za lori unazijua bei yake.

SWALI: Kaka fundi, nina gari ya steshoni wagoni ya kubebea mizigo, ina waipa ya nyuma pia. Nilibadilisha pampu baada ya kugongwa mbele, sasa nikitaka kuosha mbele maji yatoka nyuma, nikibonyeza ya nyuma yatoka mbele. Nimezoea sasa lakini dereva mwengine akichukua gari anachanganyikiwa.
Mfanyabiashara, Mtwapa

JIBU: Kaka, usizoee, manake siku dereva wako atakapotaka maji kwa haraka atayatuma nyuma na macho yake yatakuwa kwenye swichi badala ya barabara. Kuna aina mbili. Baadhi ya gari zina pampu mbili kwenye tanki moja, moja ya mbele moja ya nyuma, na plagi zao zafanana, aliyeweka amezibadilisha, mpe huyu ya yule kazi imekwisha. Aina ya pili ni pampu moja yenye midomo miwili, mota ikizunguka upande huu maji yanakwenda mbele, swichi ikigeuza umeme inazunguka upande wa pili maji yanakwenda nyuma. Kwa hiyo geuza paipu mbili pale kwenye midomo, ama kama plagi ilikatwa ikaungwa waya geuza waya mbili. Mimi ningegeuza kile kilichokosewa, kwa hivyo tazama kwanza kama waya zina maungo mapya ya tepu. Kama zina, kosa liko hapo, na hayo maungo yafungue uyaunge vizuri kwa solda, tepu peke yake kwa chumvi ya Mtwapa haifiki masika.

SWALI: Fundi, nikijaza tanki jioni asubuhi nakuta tupu na chini ya gari pamelowa. Pampu ni mpya, tanki halina ufa.
Msomaji, Likoni

JIBU: Ule mpira ambao pampu inachomekwa. Ulirudishiwa wa zamani, na mpira wa zamani umeshachukua umbo la pampu ya zamani. Nunua mpya, upake maji ya sabuni ndio uingie, usipake grisi kwa sababu grisi huuvimbisha mpira. Ukikuta mtu amezungushia silikoni ibandue yote kwanza, na pakauke, ndio uweke.

SWALI: Assalaam aleikum fundi wetu. Mume wangu anasema tutie maji ya AC kwenye tanki la waipa kwa sababu yanamwagika bure pale nyuma ya nyumba, mimi naona tutie maji ya mfereji na Omo kidogo ili yasafishe. Nani ana haki? Gari ni ya zamani na naipenda.
Mama watoto, Tudor

JIBU: Waaleikum salaam mamangu. Mzee ana haki, lakini si yote.

Maji ya AC ni mvuke wa hewa uliogeuka maji, kwa hivyo hayana chumvi wala chokaa ya kisima, na kwa nozeli hakuna kitu kizuri zaidi ya hicho. Shida yake ni kwamba yamepita kwenye AC yenyewe, kwenye vumbi na ukungu wa mle ndani, kwa hivyo yachuje kwa kitambaa safi, na usiyaweke wiki nzima kwenye dumu la wazi ndio ukayatia. Maji ya mfereji si mabaya, yale ya kisima ndio ya kuogopa, na yale ya mkokoteni muulize muuzaji ameyateka wapi, yaonje hata kwa ncha ya ulimi, ukisikia chumvi hata kidogo, hayo ni ya kuoshea taya.

Omo hapana. Sabuni ya unga haiyeyuki yote, ile isiyoyeyuka hukaa chini ya tanki, na chini ya tanki ndipo pampu ilipo, inakuwa kama uji, na povu linakausha mistari kwenye kioo ambayo ukipigwa na jua la saa kumi na moja pale daraja la Nyali hutaona kitu. Ukitaka sabuni tia ya maji ya vyombo, kijiko kimoja cha chai kwa tanki zima, usizidishe. Dawa za madukani za maji ya waipa pia nzuri, ila zile zilizoandikwa kwamba haziwezi kuganda ni za nchi za theluji, hapa Tudor unalipia kitu ambacho hakitakufaa.

Na tazama kifuniko kabla ya kumwaga, cha waipa kimechorwa kioo na maji yanayoruka. Nimepokea gari ambayo ilitiwa kulanti ya rejeta kwenye tanki la waipa, kioo kikawa na mafuta mafuta hakipanguziki, na kulanti nyingi ni sumu, tena zina utamu, paka akiramba iliyomwagika chini ya gari anaweza kufa. Ikiwa imeshatokea kwako usipige waipa, toa yote, suuza tanki mara tatu nne, vuta maji safi mpaka yatoke bila rangi, kisha osha kioo na mipira ya waipa kwa mkono kwa maji ya sabuni.